Wati 12,000 Ndani ya Plagi ya Ampea 13

Ukiingia katika duka lolote la vifaa vya umeme pale Mwanga, Kigoma mjini, au ukiteremka hadi Ujiji kwenye maduka ya kando ya barabara, utazikuta zimepangwa kutoka sakafuni hadi darini. Sabufa. Boksi limechorwa ndimi za moto au chui aliyekenua meno, na chini ya mchoro kuna tarakimu kubwa kuliko jina la aliyeitengeneza: PMPO 8,000W, PMPO 10,000W, PMPO 12,000W. Pembeni zimesimama spika za kuchaji zenye tairi na mkono wa kuburutia, nazo zinadai wati zao elfu kadhaa. Muuzaji atachomeka flashi, ataweka wimbo wenye besi, atapandisha sauti mpaka vioo vya kabati vicheze, kisha atakutazama usoni. Huo ndio ushahidi wake wote, na kwa wateja wengi unatosha.

Hebu tuiamini tarakimu hiyo kwa dakika moja. Wati 12,000 kwenye umeme wa volti 230 zinahitaji ampea 52. Plagi ya pini tatu ina fyuzi ya ampea 13, ambayo mwisho wake ni wati 3,000 hivi. Sabufa ikifanya kweli kazi iliyoandikwa kwenye boksi, fyuzi itakatika kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Na isipokatika, LUKU itameza uniti 12 kila saa. Sherehe ya kipaimara ya kuanzia saa nane mchana hadi saa mbili usiku itakula uniti 72. Sijawahi kusikia familia iliyofilisiwa na sabufa.

Sasa igeuze mashine uangalie kibandiko kidogo cha nyuma, pale ambapo hakuna chui wala moto. Mara nyingi utakuta maandishi ya aina hii: AC 220–240V, 50Hz, 60W. Hizo wati 60 ndizo za kuanzia hesabu, kwa sababu chombo hakiwezi kutoa kwa muda mrefu nguvu nyingi kuliko umeme kinaoupokea, na sehemu ya umeme huo huishia kuwa joto kwenye lile bati la kupoozea. Kwa kufumba na kufumbua, umeme uliohifadhiwa kwenye kapasita unaweza kutoka kwa pigo moja kubwa kuliko hapo, na ndicho kichaka ambamo PMPO imejificha miaka yote. Herufi hizo hazina kipimo kinachokubalika na wote. Kila kiwanda hupiga hesabu yake, kikijumlisha kile kinachoweza kutoka kwenye spika zote kwa sekunde isiyokuwepo, bila kujali kwamba sauti imeshapasuka na koili imeanza kunuka. Namba yenye maana ni ile inayoandikwa RMS, yaani nguvu ambayo mashine inaweza kuitoa mfululizo bila kuharibu mlio. Kama RMS haikuandikwa popote, kibandiko cha nyuma ndicho shahidi wako.

Mafundi redio wanalijua jambo hili siku nyingi, wala hawakulijifunza darasani. Fungua sabufa nyingi za bei ya kawaida na ndani utakuta kidude cheusi chenye miguu mitano, kimeandikwa TDA2030. Ni saketi ya zamani, imara, inayopatikana kirahisi, na karatasi ya walioibuni inaitaja kwa wati 14 hivi kwenye spika ya omu 4. Zikiwekwa mbili au tatu ndani ya boksi moja, tumefika wati 30 au 40 za kweli. Hilo si tusi kwa mashine hiyo. Wati 40 ni nyingi sana sebuleni, kama tutakavyoona. Tusi ni yale maelfu yaliyochapishwa kwenye karatasi ya nje.

Linalonikera ni kwamba mwambao huu wa Ziwa Tanganyika unajua kupima. Dagaa wakishafika nchi kavu, hakuna anayekubali kuambiwa fungu ni kilo kumi bila kuliona likipanda mizani. Mawese yanauzwa kwa dumu, na mama anayeyanunua kwa jumla atalitikisa dumu, atalichungulia shingoni, atauliza kwa nini halikujaa. Wakala wa Vipimo unakagua mizani na pampu za mafuta, na kubandika stika. Stika ya namna hiyo sijaiona kwenye sabufa. Mteja yule yule aliyegombana kwa ajili ya robo kilo ya migebuka anaingia duka la pili na kulipia wati 12,000 kwa neno la chui.

Tusidhani ni ujinga wa kwetu. Marekani walidanganywa hivi hivi katika miaka ya 1960, viwanda vilipokuwa vikishindana kuandika nguvu za kubuni kwenye ampli za nyumbani. Mwaka 1974 tume yao ya biashara ikatoa kanuni: ukitangaza wati, lazima useme umezipima kwenye spika ya omu ngapi, katika masafa gani na kwa kiwango gani cha kuharibika kwa sauti. Miaka hamsini baadaye, mwaka 2024, wakairekebisha ili kila mtengenezaji apime kwa masharti yale yale. Kwetu, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa, na Tume ya Ushindani imezoeleka kwa kukamata bidhaa bandia. Lakini sabufa yenye PMPO haijaiga jina la mtu. Ni halisi kabisa, ila namba yake ndiyo ya uongo.

Basi tupime wenyewe, kwa vyombo tulivyonavyo.

Cha kwanza kiko ukutani. Mita za LUKU zina kitaa chekundu kinachopepesa, na karibu nacho pameandikwa ni mapepeso mangapi yanayofanya uniti moja, mathalani 1,600 imp/kWh. Zima kila kitu ndani ya nyumba, friji pia, washa sabufa peke yake kwa sauti unayoipenda, kisha hesabu kwa dakika kumi. Ukipata mapepeso 16, kwa saa ni 96. Gawanya kwa 1,600 na utakuta mashine inakula wati 60. Wengi wakijaribu watashangaa kukuta hata hizo 60 hazifiki, kwa sababu muziki hauli umeme mfululizo. Ngoma inapigwa, kisha kuna nafasi, na wastani wa nguvu inayotumika ni sehemu ndogo tu ya ile ya kilele.

Kwa spika ya kuchaji hesabu ni nyepesi zaidi, unaimaliza ukiwa bado dukani. Chukua spika ndogo ya bluetuthi ya kubeba mkononi, yenye betri ya volti 3.7 na mAh 1,200. Zidisha na utapata wati-saa 4.4. Boksi linasema wati 20, na muuzaji anaapa kwamba inapiga saa tano. Yote mawili hayawezi kuwa kweli kwa pamoja. Kwa wati 20 betri hiyo inakwisha kwa dakika 13. Ikipiga saa tano, basi wastani wake haufiki wati moja. Nami nitaamini zaidi saa tano, kwa sababu spika ndogo kwa wati moja inasikika vizuri chumbani.

Kwa watu wa vijiji vya mwambao wa kaskazini, kuanzia Mwamgongo hadi Kagunga, ambako wengi husafiri kwa boti kutoka Kibirizi, hesabu hii ina uzito wa pekee. Kigoma yote iliishi kwa majenereta ya dizeli kwa miaka mingi kabla gridi ya Taifa haijaufikia mkoa, na huko kandokando bado kuna nyumba nyingi ambazo mama wake ni paneli ya sola. Betri ya asidi ya volti 12 na Ah 7 ina wati-saa 84, na ukitaka idumu usiitumie zaidi ya nusu. Redio inayokula wastani wa wati 6 itaimba saa saba kwa hiyo nusu. Ndiyo maana mimi ningemshauri mtu wa Kagunga asitazame ukubwa wa spika kwanza, atazame kama nyuma kuna tundu la DC 12V. Chombo chenye tundu hilo kinachukua umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri. Kisicho nalo kinahitaji inveta, na inveta inakula umeme hata wimbo ukiwa umesimama.

Tukishamaliza uongo wa wati, linabaki swali gumu kidogo: wati zenyewe zina umuhimu gani? Mdogo kuliko unavyofikiri. Sikio halisikii wati, linasikia msukumo wa hewa, na huo tunaupima kwa desibeli. Ukizidisha nguvu mara mbili unapata desibeli 3 tu, tofauti ambayo mtu aliye chumba cha pili pengine hataigundua. Ili sauti isikike kana kwamba imekuwa kubwa mara mbili unahitaji desibeli 10 hivi, yaani nguvu mara kumi. Kwa hiyo mtu anayeuza mashine ya wati 40 za kweli ili anunue ya wati 80 za kweli amelipia kitu ambacho masikio yake yatakitafuta kwa tabu.

Kinachobadilisha mambo ni ufanisi wa spika yenyewe: ikipewa wati moja, ukisimama mita moja mbele yake, inatoa desibeli ngapi? Spika ya sabufa ya kawaida inaweza kutoa 85. Nyingine, yenye sumaku nzuri na koni nyepesi, itatoa 91. Tofauti hiyo ya 6 ni sawa na kuongezewa nguvu mara nne bure. Spika ya desibeli 85 yenye wati 40 itafika 101. Ile ya 91 yenye wati 20 itafika 104. Mwenye nusu ya wati ndiye anayeshinda, na pengine kwa bei ndogo zaidi.

Mfano mkubwa wa jambo hili uko Ujiji, juu ya minara. Ni zile honi za bati za kuadhinia. Honi ya aina hiyo hutoa desibeli 105 au hata zaidi kwa wati moja, kwa sababu umbo lake linaibana sauti na kuielekeza upande mmoja badala ya kuimwaga huku na huko. Tuchukue honi ya desibeli 107 inayopewa wati 30. Mita moja mbele yake kuna desibeli 122. Mahali pa wazi sauti hupungua desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu, hivyo kwa kilomita nzima inapoteza 60, na kubaki 62, ambazo ni kama sauti ya mtu anayezungumza nawe uso kwa uso. Miembe, nyumba na upepo vitapunguza kitu, lakini waumini wa ng'ambo ya pili wataamka. Sabufa ya wati 40 niliyoitaja, kwa umbali huo huo, itabakiwa na desibeli 41, nazo zitamezwa na kelele za bodaboda. Ili iifikie honi ingehitaji zaidi ya wati 4,700 za kweli, na ingekuwa imeshaungua zamani. Yaani kuna kifaa Ujiji ambacho kwa wati 30 kinafanya kazi ambayo boksi la chui linaiota tu.

Bila shaka hakuna atakayecheza rumba kwa honi. Inabeba sauti ya mtu, masafa ya katikati, na kutupa besi yote. Ndiyo sababu swali la thamani ya pesa halijibiwi kabla hujasema unataka kusikiliza nini, ukiwa wapi.

Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima wapatao milioni mbili nchini walikaa katika vikundi kuizunguka redio na kujifunza namna ya kujikinga na malaria, kuhara na kichocho. Redio za betri za siku hizo zilitoa nusu wati hivi, kupitia spika ya karatasi isiyozidi kiganja. Hazikuwa na besi ya kutajwa. Lakini maneno yalisikika, kwa sababu konsonanti zinazotenganisha neno na neno zinakaa katika masafa ya juu ya katikati, hasa kati ya hezi 1,000 na 4,000, na spika ndogo ya karatasi inayabeba vizuri. Mzee wa leo anayetaka taarifa ya habari na hotuba, au mvuvi anayetaka redio ya kukesha nayo ziwani, hana sababu ya kununua sabufa. Sabufa nyingi zinafunika maneno kwa mngurumo. Kwa mvuvi ningeongeza kuangalia alama ya kuzuia maji: IPX7 maana yake kifaa kimejaribiwa kuzama mita moja kwa nusu saa, tena katika maji yasiyo na chumvi, jambo linalompendelea mtu wa Tanganyika kuliko ndugu yake wa Bagamoyo. Neno la Kiingereza la kujisifu kwamba haingii maji, lisilo na namba, ni uzao wa chui yule yule.

Wale wa muziki sasa. Hapa nina upande wangu, na sitauficha. Mimi ni mtu wa magitaa. Kigoma imekuwa ikisikiliza ng'ambo ya ziwa tangu redio zilipoanza kunasa Kongo, na uzuri wa rumba uko katika magitaa mawili matatu yanayofumwa pamoja, kila moja na njia yake, huku besi ikitembea chini. Sabufa ya kawaida inaua vyote viwili. Spika zake ndogo za pembeni hazijui kubeba sauti za katikati, na boksi lake la chini limetengenezwa kuvimba mahali pamoja, mara nyingi kati ya hezi 80 na 100. Besi ikishuka, ikipanda, inakujibu kwa dundo lile lile.

Kuligundua hilo ni rahisi. Pakua kwenye simu programu yoyote ya kutoa mlio wa masafa unayochagua, iunganishe na mashine dukani, kisha piga hezi 40, 50, 60, 80, 100 na 120, bila kugusa kitufe cha sauti. Gitaa la besi la nyuzi nne linashuka hadi hezi 41, kwa hiyo hayo si masafa ya anasa. Spika ya heshima itaanza kwa unyonge, halafu ipande polepole na kutulia. Ile mbovu itakuwa bubu hadi 60, ikufokee kwenye 80, kisha inywee tena. Ukisikia boksi lenyewe linagongagonga, misumari imeshaanza kulegea likiwa jipya. Weka pia programu ya kupima desibeli. Simu si chombo cha maabara, inaweza kukosea desibeli kadhaa, lakini ukizipima mashine mbili kwa simu ile ile, kwa umbali ule ule, inakosea kwa zote sawasawa, na unachotafuta ni tofauti kati yao.

Halafu ujihadhari na ujanja ambao hata muuzaji hajui kwamba anaufanya. Mwaka 1933 Fletcher na Munson, wa maabara za Bell nchini Marekani, walionyesha kwamba sauti ikiwa ndogo sikio linapoteza besi haraka kuliko sauti za katikati. Ukipandisha, besi inarudi na muziki unaonekana kunawiri. Ndiyo maana mashine inayopigwa kwa nguvu zaidi huonekana bora hata kama ni ile ile. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha mbili, zisawazishe kwa ile programu ya desibeli. Mashine ya bei kubwa isipewe upendeleo wa kidole cha muuzaji.

Na usiitazame. Floyd Toole, aliyefanya kazi miaka mingi katika baraza la utafiti la Canada huko Ottawa, katika miaka ya 1980 aliwasikilizisha watu spika zilizofichwa nyuma ya pazia. Watu waliodhaniwa kuwa na ladha tofauti walikubaliana kuliko ilivyotarajiwa: walipenda spika ambayo vipimo vyake vilionyesha mstari ulionyooka, isiyoongeza wala kupunguza. Mwaka 1994 yeye na Sean Olive, wakiwa katika kampuni ya Harman, waliwapa wasikilizaji spika zile zile bila kuziona na kwa kuziona, na alama zikabadilika mara tu watu walipoona ukubwa na jina. Wasikilizaji hao walikuwa wafanyakazi wa kampuni ya spika! Kwa Mwanga pazia si tatizo. Kanga moja nyepesi inapitisha sauti vizuri. Mwombe rafiki aitundike mbele ya mashine mbili na kubadilisha bila kukuambia. Muuzaji atacheka, lakini siku ikiwa haina wateja atakubali, na baadaye atataka kujaribu yeye mwenyewe.

Bei nayo haisemi mengi kama tunavyodhani. Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha uchambuzi wa hedfoni 283 za bei mbalimbali, akitafuta uhusiano kati ya bei na jinsi masafa yake yalivyo. Hakuupata. Kijana wa Katonga mwenye hedfoni ya bei ya chini anaweza kuwa amebahatika kuliko mwenye ya jina kubwa, na anaweza vilevile kuwa ameokota takataka, bei haitamwambia. Inachomwambia ni uimara wa waya, bawaba, betri, na kama kuna mtu wa kumrudia ikiharibika. Hayo nayo yana thamani, ila ni vizuri ajue ndiyo anayoyalipia.

Jambo moja la afya, nilipitie haraka kwa sababu kila mtu anajifanya hajalisikia. Shirika la Afya Duniani linahesabu desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kuwa mpaka wa usalama, na kila zikiongezeka 3 muda huo unakatwa nusu. Kwenye desibeli 101, ambazo sabufa yetu ya wati 40 inazifikia mita moja mbele yake, unabakiwa na dakika 19 kwa wiki nzima. Ungekuwa na sabufa ya kweli ya wati 12,000 chumbani, usingeuliza bei, ungeuliza hospitali. Kuhusu majirani, kanuni za kelele na mitetemo za mwaka 2015 zipo, na mamlaka ya mazingira ina vipimo vyake. Mwambao una sababu ya ziada ya kuwa na staha: usiku upepo mara nyingi hutoka nchi kavu kuelekea ziwani, na upepo huo huinamisha sauti chini, juu ya maji yasiyo na ukuta wala mti. Baa ya ufukweni inaimbia mitumbwi ambayo haikuomba wimbo.

Kabla hujaongeza hela ili upate besi zaidi, hamisha ile uliyonayo. Boksi la besi likiwekwa katikati ya ukuta linapata msaada kutoka sakafuni na ukutani. Likisukumwa kwenye kona linapata msaada wa ukuta wa pili, na ongezeko hilo linaweza kuzidi lile ambalo ungelipata kwa kununua ampli yenye nguvu maradufu. Uani, kwenye sherehe, ni kinyume chake: hakuna kuta, besi inatawanyika, na ile mashine iliyotikisa duka inakuwa kama inapiga chafya. Kwa sherehe za nje kodisha mziki mkubwa wa mtu mwenye kazi hiyo. Kununua mashine ya sherehe kwa ajili ya siku mbili za mwaka, kisha kuishi nayo sebuleni siku nyingine zote, ni matumizi ambayo sijawahi kuyaelewa.

Na ungeniuliza mimi ninunue nini kwa hela ya sabufa ya chui, ningeenda kwa fundi kabla ya dukani. Vibanda vya mafundi Kigoma na Ujiji bado vina ampli za mtumba, za Sony, Pioneer au Kenwood, za enzi ambazo namba ya nyuma na namba ya mbele zilikuwa zikifahamiana. Iinue kwanza: transfoma yake nzito ndiyo wati zenyewe. Iwashe bila wimbo, usikilize kama inavuma. Zungusha kitufe cha sauti taratibu. Kikikwaruza ni uchafu, kinasafishika kwa dawa ya bei ndogo. Kwenye spika, bonyeza sponji ya ukingo wa koni kwa kidole. Sponji hizo huoza zenyewe baada ya miaka kumi au ishirini hata kama spika haikutumika, na ikikuachia unga mweusi kidoleni, mwambie fundi akate kwenye bei gharama ya ukingo mpya na ya kazi ya kuugundisha. Uliza omu za spika, uhakikishe hazipungui zile zilizoandikwa nyuma ya ampli, la sivyo utarudi kwake na moshi. Kisha toa simu, piga hezi 60, na umwombe akae kimya kidogo.